Morihei Ueshiba: Mtoto mgonjwa aliyekuja kuangusha majabali

Upo mkanda mfupi wa filamu uliopigwa mjini Osaka mwaka 1935 na watu wa gazeti la Asahi. Ndani yake anaonekana mwanamume mfupi mwenye umri wa miaka 51, amevaa suruali pana mithili ya sketi ndefu, na vijana wenye afya zao wanamrukia mmoja mmoja, kisha wawili, kisha kundi zima. Wote wanaishia sakafuni. Yeye hapigi ngumi za kuvunja meno kama tulivyozoea kuona katika mikanda ya akina Bruce Lee tuliyokuwa tukiigombania utotoni. Anageuka tu, anashika kifundo cha mkono, anapiga hatua moja pembeni, na mtu amekwishaanguka. Siku hizi mkanda huo unapatikana katika intaneti na mtu yeyote anaweza kuuangalia mwenyewe.

Bwana huyo ni Morihei Ueshiba, mwanzilishi wa aikido. Wanafunzi wake walimwita O-Sensei, yaani mwalimu mkuu. Ukiwauliza alikuwa na nini, wengi hujibu kwa neno moja: ki. Wachina huliita qi, na asili yake ni pumzi, hewa au mvuke. Nguvu ya ndani isiyotegemea ukubwa wa misuli. Hapo ndipo hadithi za ajabu zinapoanza, za mzee aliyekwepa risasi na kutoweka katikati ya watu waliomzunguka. Ninavyoona mimi, hadithi hizo zimemnyima haki yake, kwa sababu zinaificha kazi aliyoifanya na gharama aliyoilipa, yeye na watu wa nyumbani kwake.

Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1883 katika mji wa Tanabe, mkoa wa Wakayama, kusini mwa Japani. Baba yake, Yoroku, alikuwa mwenye ardhi na diwani wa miaka mingi, mtu wa uwezo wake. Morihei alikuwa mtoto wa kiume wa pekee miongoni mwa mabinti, na alikuwa mwembamba, mwenye kuuguaugua, aliyependa vitabu na visa vya watakatifu wa Kibuddha kuliko michezo. Baba hakupendezwa. Alimsukuma acheze mieleka ya sumo na kuogelea baharini, na alimsimulia habari za babu wa babu yake aliyesifika kwa nguvu. Inasimuliwa pia kwamba mtoto huyo alishuhudia wahuni waliotumwa na wapinzani wa kisiasa wakimshambulia baba yake, na kwamba tokea siku hiyo aliapa kuwa na nguvu.

Shule aliiacha mapema. Alisoma hesabu za kutumia abaki, akafanya kazi katika ofisi ya kodi, na mwaka 1901 akaenda Tokyo kufungua biashara ya vifaa vya shule na ofisi. Mchana alichuuza, usiku alijifunza mieleka ya jadi iitwayo jujutsu. Haukupita muda mrefu akarudishwa nyumbani na maradhi ya beriberi, ambayo wakati huo yaliwaangamiza Wajapani wengi kwa sababu ya kula wali mweupe uliokobolewa mno usiobakiwa na vitamini B1. Biashara ikaishia hapo. Alipopona alimuoa Hatsu Itokawa, na jina la bibi huyo tutalirudia, kwani bila yeye pasingekuwa na cha kusimulia.

Mwaka 1903 aliitwa jeshini, akakataliwa. Sababu? Kimo. Alipungukiwa kidogo tu na urefu uliotakiwa, na aibu hiyo ilimuuma. Kwa mujibu wa simulizi za familia, aliingia msituni akawa ananing'inia kwenye matawi ya miti huku amejifunga vitu vizito miguuni ili uti wa mgongo unyooke. Alipojitokeza tena, alikubaliwa. Alipelekwa Manchuria katika vita vya Japani na Urusi vya mwaka 1904 hadi 1905, akajulikana kwa ustadi wa singe. Alitoka jeshini akiwa mtu mwingine, mnene wa mabega, na baba yake akamjengea ukumbi wa mazoezi nyumbani na kumletea mwalimu wa judo ili kijana asizurure.

Mjini Tanabe aliishi msomi mmoja wa ajabu, Minakata Kumagusu, mtaalamu wa mimea aliyewahi kukaa London miaka kadhaa. Mwaka 1906 serikali iliamua kuunganisha mahekalu madogo ya dini ya Shinto, jambo lililomaanisha misitu mitakatifu ya vijiji vingi kukatwa. Kumagusu alipinga, na Ueshiba akasimama naye.

Kisha akafanya jambo ambalo sisi tuliohama makwetu tunaweza kulielewa vizuri. Mwaka 1912 aliongoza kaya 54 kutoka Tanabe, watu zaidi ya 80, kwenda kuanza maisha mapya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini chenye theluji, mahali paitwapo Shirataki. Serikali ilikuwa ikitoa ardhi kwa walio tayari kuifyeka. Walifika wakakuta msitu mtupu. Miaka ya mwanzo mazao hayakukubali, wakaishi kwa viazi, mimea ya porini na samaki wa mtoni. Ueshiba alikata miti mchana kutwa, akang'oa visiki, akaburuta magogo. Waliomfahamu baadaye walistaajabia mikono yake na kiuno chake kisichosogezwa. Mimi nadhani jibu la sehemu kubwa ya fumbo hilo limezikwa katika visiki vya Shirataki. Mtu aliyeinua shoka maelfu ya mara katika baridi ile hujifunza bila kuambiwa kwamba bega likikazwa linachoka upesi, na kwamba pigo la maana hutoka nyongani.

Huko huko, mwaka 1915, katika nyumba ya wageni ya mji wa Engaru, alikutana na Sokaku Takeda. Mzee huyu alikuwa mfupi kuliko hata yeye, mkali, mwenye kumshuku kila mtu, na bingwa wa mapigano ya jadi yaitwayo Daito-ryu. Alimwangusha Ueshiba kama mtoto. Ueshiba akasahau safari yake, akabaki hapo kujifunza kwa takriban mwezi mzima, kisha akamwalika mwalimu nyumbani kwake. Takeda hakufundisha bure: alitoza fedha kwa kila mbinu na kuandika katika daftari. Juu ya ada, mwanafunzi alimpikia, alimpashia maji ya kuoga na kumpasulia kuni. Mbinu nyingi za aikido zinazofundishwa leo, za kupinda kifundo na kukunja kiwiko, zinatoka kwa mzee huyo, na wapenzi wa aikido wanaomtaja kwa pupa tu wanamwonea.

Mwaka 1917 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kijiji, na Ueshiba alikuwa miongoni mwa waliohangaika kukijenga upya. Mwishoni mwa 1919 ikaja simu ya maandishi: baba yu mahututi. Alimwachia Takeda nyumba na vyote vilivyomo, akaondoka.

Lakini hakwenda moja kwa moja. Njiani alisikia habari za kiongozi wa dini mpya ya Omoto, Onisaburo Deguchi, mwenye sifa ya kuponya kwa maombi, akakatisha safari yake Ayabe, karibu na Kyoto, ili baba aombewe. Alivutwa na utulivu wa mahali pale akachelewa. Alipofika Tanabe, Yoroku alikuwa amekwishafariki, tarehe 2 Januari 1920. Waliokuwapo walieleza kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa kama aliyerukwa na akili, akipanda milimani usiku na kuzungusha upanga peke yake.

Mwaka huo huo aliichukua familia akahamia Ayabe. Hatsu hakuridhika, akafuata. Kabla mwaka haujaisha watoto wao wawili wa kiume walifariki kwa maradhi, mmoja bado mchanga. Mwaka 1921 akazaliwa Kisshomaru, ambaye ndiye angekuja kubeba jina la baba.

Ayabe ndiko mwili ulipokutana na roho. Asubuhi alilima, jioni alifundisha vijana wa Omoto, na katikati alikaa kimya katika ibada ya kutuliza nafsi, pumzi ikishushwa taratibu. Deguchi alimwambia kwamba mapigano ndiyo ibada yake, na maneno hayo yakamkaa. Mwaka 1922 Takeda alimfuata huko, akakaa miezi kadhaa na kumpa hati ya kufundisha.

Miaka miwili baadaye Deguchi, aliyekuwa nje kwa dhamana, alitorokea Mongolia na wafuasi wachache, akiota kuanzisha ufalme wa dini ya amani. Ueshiba alikuwa mlinzi wake. Safari ile ilikuwa balaa tupu. Walijiunga na jemadari mmoja wa Kichina mwenye jeshi lake, wakashambuliwa njiani, na Juni 1924 wakakamatwa. Askari wa jemadari yule walipigwa risasi, na Wajapani wakawa wanangoja zamu yao. Ipo picha ya Deguchi, Ueshiba na wenzao wamefungwa pingu za miguuni. Ubalozi mdogo wa Japani uliingilia kati dakika za mwisho wakarudishwa nyumbani. Ni katika safari hiyo ndipo alipodai kuona miale ya mwanga ikitangulia risasi na hivyo kuweza kuzikwepa. Mwenye kuamini na aamini. Lisilo na shaka ni kwamba alikaa kati ya kifo na uhai, na alirudi amebadilika.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1925 ofisa mmoja wa jeshi la majini, hodari wa upanga, alimjia kwa shari. Ueshiba alisimama mikono mitupu. Ofisa akapiga kwa upanga wa mbao, akakosa. Akapiga tena, akakosa. Mpaka akachoka akakaa chini. Ueshiba hakumgusa. Alipotoka bustanini kunawa, kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, alihisi ardhi inatetemeka na mwili wake kufunikwa na mwanga wa dhahabu, na akaelewa kwamba shabaha ya mapigano haiwezi kuwa kumshinda mtu. Alikuwa na umri wa miaka 41.

Ndugu msomaji, tutue hapa tuangalie jambo lenyewe linavyofanya kazi. Mtu akikukamata mkono na kukuvuta, mazoea ya mwili ni kukaza misuli na kuvuta kurudi kwako. Hapo mshindi ni mwenye nguvu. Ueshiba alifundisha kinyume chake: mabega yalegee, pumzi ishuke mpaka chini ya kitovu, mahali ambapo Wajapani hupaita tanden, kiuno kizunguke na mkono ukifuate kiuno. Anayevuta anajikuta amevuta kitu kisichompinga. Miguu yake inasogea kabla hajataka, uzito wake wote unabaki kwenye ncha za vidole, na kwa wakati huo mfupi hata mtoto wa shule anaweza kumlaza. Ukichelewa, kitu hicho hakifanyi kazi. Ukiogopa, mabega yanapanda yenyewe na hakifanyi kazi vilevile. Ndiyo maana hakutenganisha mazoezi ya mwili na ya akili: hofu inaonekana begani kabla ya kuonekana usoni. Na anayeangushwa naye hufundishwa kuanguka, kubingiria kama gurudumu, ili ainuke bila kuumia na kushambulia tena.

Admirali Isamu Takeshita alipovutiwa na ustadi huo, alimwalika Tokyo, na mwaka 1927 Ueshiba akahamia huko moja kwa moja. Jigoro Kano, muasisi wa judo, alikuja kumtazama mwaka 1930, akastaajabu, akamtuma mwanafunzi wake Minoru Mochizuki kwenda kujifunza. Mwaka uliofuata ukafunguliwa ukumbi wa Kobukan katika mtaa wa Wakamatsu. Mazoezi yake yalikuwa makali kiasi kwamba mahali hapo palibandikwa jina la jehanamu. Wanawake walikuwamo pia; mmoja wao, Takako Kunigoshi, ndiye aliyechora picha za kitabu cha mbinu cha mwaka 1933.

Sasa tufike penye uzito. Katika miaka hiyo ya 1930 Japani ilikuwa ikijiandaa na vita na kuvamia majirani zake, na mtu huyu aliyeona mwanga wa dhahabu bustanini aliwafundisha akina nani? Wanajeshi. Alifundisha katika shule ya jeshi ya Toyama, katika shule ya Nakano ya kuandaa majasusi, na kwa maofisa wa majini. Marafiki zake wakubwa walikuwa majenerali na maadmirali. Waandishi wengine hupita hapo haraka haraka, wengine humwita mnafiki. Mimi sioni kwamba alikuwa mnafiki. Naona alikuwa mtu aliyeamini kuwa nafsi ya anayefundishwa itatakasika kwa mazoezi yenyewe, na akachelewa mno kugundua kwamba mbinu hupokelewa upesi kuliko nia.

Hata waalimu wake hakuwaacha vizuri. Desemba 1935 serikali iliivamia Omoto, ikalipua mahekalu yake kwa baruti na kumtia Deguchi kizuizini hadi 1942. Ueshiba hakukamatwa, kwani mkuu wa polisi wa Osaka alikuwa mwanafunzi wake. Waumini wengine hawakumsamehe kwa hilo. Mwaka uliofuata, Takeda alitokea ghafla Osaka kwenye ofisi za Asahi, ambako Ueshiba alikuwa akifundisha wafanyakazi, akataka kuchukua darasa. Ueshiba aliondoka kimya kimya kurudi Tokyo bila hata kumwamkia mzee. Hawakuonana tena. Takeda alifariki mwaka 1943. Mtu aliyeweza kusimama bila woga mbele ya upanga alimkwepa mwalimu wake mlangoni.

Mwaka 1942 alijiuzulu nyadhifa zake zote mjini. Alikuwa mgonjwa wa tumbo na amechoshwa na vita. Alikwenda na Hatsu katika kijiji cha Iwama, mkoa wa Ibaraki, alikokuwa amenunua shamba kidogo kidogo, wakaishi katika kibanda na kulima mpunga na viazi. Mwaka huo ndipo jina la aikido lilipoandikishwa rasmi. Ni maneno matatu: ai, kupatana, ki, nguvu ya ndani, do, njia. Baadaye alipenda kukumbusha kwamba ai, ikiandikwa kwa herufi nyingine, maana yake ni upendo.

Ukumbi wa Tokyo aliachiwa Kisshomaru, mwanafunzi wa chuo kikuu asiyefikia hata miaka 22. Mabomu ya mwaka 1945 yalipochoma mtaa, kijana huyo na majirani walizima moto kwa ndoo mpaka jengo likanusurika. Vita vilipokwisha likajaa familia zisizo na makao. Wamarekani walikuwa wamepiga marufuku mafunzo ya mapigano, na Kisshomaru alifanya kazi ya ofisini kwa miaka ili kulipa gharama. Taasisi ya Aikikai iliidhinishwa tarehe 9 Februari 1948. Baba alibaki Iwama na jembe lake, upanga wake wa mbao na sala zake za alfajiri, akiwafundisha wachache. Ukweli ni kwamba aikido iliyotoka nje ilisambazwa na mtoto na wanafunzi: Mochizuki na Tadashi Abe Ufaransa mapema miaka ya 1950, Koichi Tohei Hawaii mwaka 1953. Mzee mwenyewe alikwenda Hawaii mwaka 1961 akiwa na miaka 77.

Jambo moja alilishikilia mpaka mwisho: hakuna mashindano. Kenji Tomiki, mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo na msomi mkubwa, alitaka kuweka mechi na pointi kama judo. Ueshiba alikataa, na wakaachana hapo. Kwake yeye, siku utakapohesabu pointi umekwisharudi kule kule alikokuwa ofisa wa majini mwaka 1925.

Januari 1969 alionyesha mbinu mbele ya watu kwa mara ya mwisho. Machi alilazwa hospitalini, ikagundulika ni saratani ya ini. Aliomba arudishwe nyumbani, jirani na ukumbi, ambako alisikia vijana wakianguka kwenye mikeka. Alifariki alfajiri ya tarehe 26 Aprili 1969 akiwa na miaka 85. Hatsu, aliyemfuata kutoka Tanabe hadi theluji ya Hokkaido, Ayabe, Tokyo na shamba la Iwama, alifariki miezi miwili baadaye. Kisshomaru aliongoza hadi mwaka 1999, akapokewa na mwanawe Moriteru.

Majivu ya mzee yalirudishwa Tanabe, katika makaburi ya hekalu la Kozanji, ambako amelazwa pia Kumagusu aliyepigania naye misitu ya vijiji.